Pete ipi inafaa kufungia dai za kujazia risasi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kibali cha kujaza risasi zangu mwenyewe, na najaza .308 Winchester kwa bunduki ya boliti ninayolengea shabaha. Presi ninayo moja tu, kwa hiyo nikimaliza hatua moja nafungua dai (die, kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye presi ili kurudisha ganda kwenye vipimo au kupandikiza kichwa cha risasi) na kufunga nyingine. Pete zangu za kufungia ni mchanganyiko: mbili zina skrubu ndogo ubavuni, moja ina mpira ndani. Awamu iliyopita maganda yote yaliyotoka kwenye dai yaliingia chemba ya bunduki bila shida. Safari hii baadhi yanagoma, boliti inafungika kwa nguvu. Rafiki mmoja anasema tatizo ni pete, ninunue za bei kubwa na zote zifanane. Mwingine anasema nikaze kwa spana ndefu zaidi, basi. Tena skrubu ya pete mojawapo imeng'ang'ania, haitoki. Ninunue pete ya aina gani?"

Habari ni njema, na asante kwa kueleza kwa kina, maana jibu limo humohumo katika maelezo yako. Kwa mtu anayefungua dai kila mara kama wewe, pete inayofaa zaidi ni ile iliyopasuliwa upande mmoja na kubanwa kwa skrubu inayokatiza mpasuko huo. Lakini usiinunue kwa matumaini kwamba boliti itafungika kwa ulaini kesho yake. Pete inaweza kuwa na hatia, na inaweza kuwa haina. Kipo kipimo cha dakika chache kitakachokuonyesha, nacho hakihitaji zaidi ya kalamu ya wino usiofutika.

Tuanze na kazi ya pete. Wengi huichukulia kama nati ya kawaida: kazi yake ni kuzuia dai isifunguke. Kazi hiyo inafanywa na nati yoyote yenye hesi (meno ya kuzungushia, kama ya skrubu) inayolingana. Kazi ya pili ndiyo unayoilipia: kutunza kimo, yaani dai imeshuka kiasi gani ndani ya presi. Ukiitoa dai kwenye presi ukairudisha wiki ijayo, pete ndiyo inayoiambia isimame wapi. Ikiwa imezunguka hata kidogo juu ya dai wakati unaifungua, kimo kimebadilika na wewe hujui.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Dai nyingi zina hesi ya kipenyo cha inchi 7/8 (kama milimita 22.2) yenye meno 14 kwa kila inchi. Mzunguko mmoja kamili huipandisha au kuishusha dai kwa inchi 1/14, yaani takriban milimita 1.81. Gawanya kwa nyuzi 360: kila nyuzi moja ya mzunguko ni milimita 0.005. Sasa linganisha na unachokitafuta. Kwa bunduki ya boliti, wajazaji wengi hurudisha bega la ganda (pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni) nyuma kwa milimita 0.025 hadi 0.05 kulinganisha na lilivyotoka kwenye chemba baada ya kufyatuliwa. Hizo ni nyuzi 5 hadi 10 za mzunguko. Mshale wa dakika wa saa ya ukutani husogea nyuzi 6 kila dakika, kwa hiyo kazi yako nzima inaishi ndani ya dakika mbili za mshale huo. Kwenye ukingo wa pete yenye kipenyo cha milimita 32, nyuzi 10 ni chini ya milimita 3. Kidole kikiteleza unapoifungua dai kwa kuishika kiwiliwili badala ya pete, umeshazimaliza.

Hata kiwango rasmi hakikupi nafasi kubwa. SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani kinachoweka vipimo vya silaha na risasi, kinaipa chemba ya .308 Winchester urefu wa inchi 1.630 hadi 1.640, kutoka uso wa boliti hadi mstari wa kupimia begani. Tofauti ni milimita 0.25, na ukiigeuza kuwa mzunguko wa dai ni nyuzi 50 hivi, haifiki hata robo ya mzunguko. Ndiyo maana nakusihi usishushe dai "kidogo tu" kwa kukisia mpaka kila ganda liingie. Nitarudi kwenye hatari hiyo.

Ushauri wa spana ndefu una nia njema, lakini haujui hesi inavyofanya kazi. Kati ya hesi ya dai na hesi ya presi kuna uwazi mdogo. Bila uwazi huo dai isingeingia. Pete isipokazwa, dai inacheza ndani ya uwazi huo. Ukikaza pete juu ya presi, pete inaivuta dai kwenda juu mpaka meno ya hesi yakutane upande mmoja. Sasa fikiria ganda linapoingia: nguzo ya presi inasukuma kwenda juu pia, upande uleule. Kumbe pete ikishaondoa uwazi imemaliza kazi yake, na nguvu ya ziada haiongezi chochote. Inachoweza kuongeza ni madhara: pete ya alumini hesi zake zinalika, uso wa juu wa presi unapata makovu, na pete ambayo uso wake wa chini hauko sawa na hesi inailazimisha dai iinamie upande mmoja.

Jambo linalosaidia kuliko urefu wa spana ni wakati wa kukaza. Weka ganda lililopakwa mafuta kwenye kishikizi chake, vuta mpini hadi nguzo ifike juu kabisa na ganda liwe limeingia lote ndani ya dai, uache mzigo huo pale pale, kisha ndipo ukaze pete. Uwazi wa hesi unakuwa umeshaondolewa na ganda lenyewe, na dai imepata nafasi ya kujipanga kwenye mstari wa nguzo kabla pete haijaifunga hapo. Mkazo wa mkono, au spana fupi kwa upole, unatosha. Mtu mwenye pete ya bei ndogo anayekaza hivi atapata maganda yanayofanana kuliko mwenye pete ya bei kubwa anayekaza dai ikiwa tupu.

Sasa tuzitazame pete zako.

Zile mbili zenye skrubu ubavuni ni mtindo wa zamani na bado unatumika sana. Pete nyingi za kampuni za Redding na RCBS ni za namna hii. Skrubu inapita kwenye mwili wa pete na kusukuma hesi ya dai kutoka upande mmoja. Chini ya skrubu panatakiwa pawe na chembe ndogo ya madini laini, aghalabu madini ya risasi, ili ibonyee na kujaza mabonde ya hesi bila kuyakwaruza. Toa skrubu, elekeza tundu kwenye mwanga, uchungulie. Ukiona kitu cha kijivu kisichong'aa kimejaa chini, chembe ipo. Ukiona meno ya hesi yanakumetea moja kwa moja, chembe imepotea, na skrubu imekuwa ikiuma hesi ya dai. Kila ilipouma pamebaki shimo. Baadaye ukitaka kusogeza pete nyuzi 3 tu, ncha ya skrubu inatumbukia tena kwenye shimo la zamani na kuivuta pete irudi ilikotoka, nawe unabaki kushangaa kwa nini marekebisho madogo hayakubali.

Tatizo lingine la skrubu ya ubavu ni kwamba inasukuma upande mmoja. Uwazi wote kati ya pete na dai unakusanyika upande wa skrubu, na uso wa chini wa pete unaweza kuinama kidogo. Ukikaza kwa upole huku pete imeshakaa juu ya presi, mwinamo huo haukuathiri sana. Ukikaza dai ikiwa mkononi, unakuathiri zaidi. Kwa hiyo pete hizi si mbaya. Zinadai nidhamu, na chembe ile isikosekane.

Ile yenye mpira ndani ni mtindo wa Lee, na watu huitukana bila kuielewa. Haikukusudiwa kufungamana na dai. Mpira wake unakaa kati ya pete na presi, unaleta msuguano wa kutosha kuzuia dai isizunguke, na wakati huohuo unaiacha dai icheze kidogo ili ijipange na ganda. Kwa dai isiyotoka mahali pake ni pete nzuri kabisa, na hukazwa kwa vidole. Udhaifu wake unajitokeza kwa mtu kama wewe: dai ikitoka, hakuna kinachoizuia pete isizunguke juu yake, na kimo kinaondoka nayo. Basi dai ikiwa na pete hii, ama uiache kwenye presi, ama uipange upya kila unapoifunga.

Pete iliyopasuliwa, kama Sure-Loc ya Hornady au ile ya Forster yenye skrubu inayokatiza, inabana hesi ya dai kutoka pande zote kwa pamoja. Haiachi shimo, haiinami kwa urahisi, na ukiilegeza inalegea kweli, hivyo unaweza kuisogeza nyuzi moja au mbili na ikabaki hapo. Nyingine zina nyuso bapa za kushikia spana, nazo zinakuwezesha kuifungua dai kwa kushika pete badala ya kiwiliwili cha dai. Kwa mfunguaji wa kila siku hilo lina thamani kubwa kuliko mapambo yoyote. Tahadhari ni moja: skrubu yake ni ndogo. Ikaze mpaka pete isigeuke kwa mkono, uishie hapo. Ukiivunja hesi umeipoteza pete.

Kuna pia nati nyembamba za pembe sita zisizo na skrubu, kama zile za Dillon, zilizotengenezwa kwa presi ambazo dai hukaa pamoja kwenye kichwa kinachotolewa kizima. Huko dai haifunguliwi, hivyo nati haihitaji kutunza chochote. Nazitaja kwa sababu ya wembamba wake: kwenye presi ambazo matundu yamekaribiana, pete nene hazienei bega kwa bega. Siku ukibadilisha presi, pima nafasi kati ya matundu kabla ya kununua pete pana. Na kwenye presi ya Co-Ax ya Forster, dai haifungwi kwa hesi kabisa, inatelezeshwa kwenye mfereji na kushikwa kwa pete yenyewe. Pale unene na unyoofu wa pete ni sehemu ya mashine, kwa hiyo fuata anachokitaka mtengenezaji wa presi.

Njia nyingine inayostahili kupimwa kwa haki ni kutonunua pete kabisa. Baadhi ya presi zinapokea bushi za kufunga kwa kuzungusha kidogo, kama Lock-N-Load ya Hornady au Breech Lock ya Lee. Dai inakaa ndani ya bushi yake daima, pete inakazwa mara moja, na unachokitoa ni bushi nzima. Kama presi yako inazikubali, bushi tatu zinaweza kukutatulia zaidi ya pete tatu, hata ukibaki na pete zako za sasa.

Vyovyote utakavyochagua, hakikisha hesi ni ya inchi 7/8 yenye meno 14. Dai za risasi kubwa sana hutumia hesi pana zaidi. Usijaribu pete ya hesi ya milimita 22 kwa kuwa "inakaribia". Itaanza kuingia, kisha itaua hesi ya dai.

Je, zote zifanane? Hapana haja. Anza na dai inayorudisha ganda kwenye vipimo, maana ndiyo yenye uvumilivu mdogo. Ya pili ni dai ya kupandikiza kichwa cha risasi. Dai inayofanya kazi ya kung'oa fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) au kupanua mdomo wa ganda inaweza kuendelea na pete ya zamani bila hasara yoyote.

Hiyo ya kupandikiza kichwa niiseme zaidi, kwa sababu watu huilegezea. Ina marekebisho mawili: kiwiliwili kinachoshikwa na pete, na mchi wa katikati wenye nati yake ndogo. Kina cha kichwa kinategemea yote mawili, na kama unabana mdomo wa ganda, ubanaji unategemea kimo cha kiwiliwili, yaani pete. Pete ikiteleza na dai ikashuka, mdomo unabanwa kupita kiasi na bega la ganda linaweza kututumka, halafu risasi inagoma kuingia chemba na wewe unailaumu dai ya kwanza. Dai ikipanda, ubanaji unapungua, na kichwa kinaweza kuzama ndani ya ganda kinapogongwa wakati wa kupakia. Kichwa kilichozama kinapunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo. Pima urefu wa risasi chache za kwanza kila unapoirudisha dai hii kwenye presi, hata ukiwa na pete ya aina gani.

Sasa kipimo nilichokuahidi. Funga dai ya vipimo kama kawaida yako. Kwa kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja mwembamba ulionyooka unaoanzia kwenye dai, ukapita juu ya pete, ukashuka hadi kwenye presi. Ifungue dai kama unavyoifungua siku zote, usijichunge kwa sababu ya jaribio, kisha irudishe. Mstari kati ya dai na pete ukiwa umekatika, pete imezunguka, na rafiki yako wa kwanza alikuwa na haki. Ukiwa umeungana pale lakini umekatika kati ya pete na presi, basi pete haikukaa chini kama mwanzo: tafuta vumbi, chembe ya shaba au mafuta yaliyoganda chini yake. Ukiungana kote na maganda bado yanagoma, acha kuilaumu pete.

Maana sababu nyingine zipo. Shaba ya manjano ya ganda hukomaa na kuwa ngumu kila inapofyatuliwa na kubanwa. Ganda lililotumika mara nyingi hurudi kidogo kama springi baada ya kutoka kwenye dai, na dai ileile kwa kimo kilekile inatoa bega refu zaidi. Ukichanganya maganda mapya na makongwe utapata hasa unachokieleza: baadhi yanaingia, baadhi yanagoma. Mafuta yakipakwa bila usawa matokeo ni yaleyale, kwa sababu ganda kavu linaikaza presi na fremu yake kunyumbuka kuliko kwa ganda lililopakwa vizuri. Na ganda lililorefuka shingoni bila kukatwa linaweza kugota mwisho wa chemba ingawa bega liko sawa. Lipake ganda linalogoma wino begani na mdomoni, lifungie kwenye bunduki likiwa tupu, ulitoe. Palipofutika ndipo panapokwama.

Na hii ndiyo hatari niliyosema nitairudia. Ukishusha dai mpaka ganda gumu kuliko yote liingie, yale laini yatakuwa yamesukumwa bega nyuma kupita kiasi. Yakifyatuliwa, sehemu ya mbele ya ganda inashikamana na ukuta wa chemba huku kitako kikirudi nyuma kuufuata uso wa boliti, na shaba inavutika juu kidogo tu ya kitako. Ikirudiwa mara kadhaa, ganda linakatika hapo, na gesi inamrudia mpigaji. Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako. Chukua waya mwembamba uliopinda ncha, uupitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda hilo na mengine ya kundi lake yaharibu yasitumike tena.

Kuhusu skrubu iliyong'ang'ania: toa dai kwenye presi, dondosha mafuta ya kupenya kwenye tundu, uache usiku kucha. Safisha mdomo wa skrubu, tumia spana au bisibisi inayoenea sawasawa, na gonga ncha yake kidogo kabla ya kuzungusha. Usiipashe dai moto kwa mwali. Chuma chake kimekomazwa na moto unaweza kukilegeza, mbali na kwamba mwali haupaswi kuonekana kwenye chumba chenye baruti na fataki. Kichwa cha skrubu kikiwa kimelika, mpelekee fundi wa mashine aikate pete. Pete itolewe kafara, dai ibaki. Ikishatoka, piga mswaki wa waya wa shaba kwenye hesi, na kama zimekwaruzika, pete mpya uiweke juu au chini ya hapo ikiwezekana.

Ukiona lolote kati ya mambo manne haya, usiendelee kujaribu nyumbani: mstari ule unaong'aa, fataki zilizobonyea hadi kukosa ukingo wa mviringo, boliti inayokuwa nzito kufunguka baada ya kufyatua, na risasi mpya za kiwandani nazo kugoma kuingia. Hilo la mwisho linaelekeza kwenye bunduki yenyewe, au uchafu ndani ya chemba, na hakuna pete itakayolitibu. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimio vya chemba. Nenda na bunduki ikiwa tupu, boliti yake, maganda matano uliyoyafyatua na ambayo bado hayajapita kwenye dai, na mengine matano yaliyopita yakagoma. Yafunge mafungu mawili na uandike kila fungu yameshatumika mara ngapi.